Samsung T7 au eksteno za kuzunguka? Maoni ya mtu anayetunza video za harusi

Naulizwa hili swali kila mara na wapiga picha wenzangu na hata wateja, eti kaka nina laki mbili na nusu ninunue eksteno gani (diski ya nje ya kuchomeka USB) ya kuwekea kazi zangu, na jibu langu huwa linawaudhi kwa sababu wengi wanakuja SSD (ile ya chipu, isiyozunguka) wameshaichagua kichwani, wanatafuta tu mtu wa kuwaambia chukua. Mi nasema hivi, kama ni ya kutunzia vitu nunua hadidiski ya kawaida ile inayozunguka, na ukiweza nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa. SSD ni tamu, tena tamu sana, ila kazi yake nyingine. Ngoja nieleze maana zote ninazo hapa mezani na zote zinanisaidia kula.

Kwanza ujue naongea kutokea wapi. Mi nashuti na kuediti harusi, sendofu, kicheni pati na mara moja moja kipaimara, hapa hapa Dar. Harusi moja ya kawaida ukiweka kamera mbili, droni na ile rekoda ya sauti ya MC inakuja kama GB 200, na wenye hela wakitaka 4K mwanzo mwisho inapita hapo. Zamani ulikuwa unawachomea DVD mambo yameisha, sasa hivi mteja anapewa flashi, na flashi ikishafika kwenye familia zetu hatima yake inajulikana, mdogo wake bibi harusi anaifuta aweke muvi. Halafu baada ya miaka miwili mitatu simu inaita, kaka samahani, ile video yetu bado unayo? Na wakati mwingine sababu inakuwa nzito, mzee aliyeongea ukumbini ameshatangulia mbele za haki na wanataka kile kipande chake tu. Kwa hiyo kifaa mi sikipimi kwa kung'aa wala kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi, nakipima kwa swali moja, nikikilaza kabatini miaka mitatu halafu nikaja kukichomeka, kitaamka?

Tuanze na hiyo SSD. Ninayotumia ni Samsung T7 ya TB 1, ile ya bodi ya alumini iliyotoka 2020, sio T7 Shield yenye mpira iliyokuja 2022. Ina gramu 58 tu, unaiweka mfuko wa shati unaisahau. Hakuna kinachozunguka ndani kwa hiyo haina mlio, haina mtetemo, na Samsung wenyewe wanasema inavumilia kudondoka kutoka mita 2. Kwenye boksi wanakupa waya mbili, moja ya Type-C kwa Type-C na nyingine ya Type-C kwa USB ya kawaida, hilo nalipenda maana laptopu za watu zinatofautiana. Kasi kampuni inasema MB 1,050 kwa sekunde kusoma na 1,000 kuandika, na si uongo, ila lazima laptopu yako iwe na mlango wa USB 3.2 Gen 2. Ukichomeka kwenye ile milango ya bluu ya laptopu za mtumba kama zetu hizi, inayopitisha gigabiti 5, unapata mia nne na kitu. Bado ni nyingi! Naediti humo humo bila kuhamishia kwenye laptopu, taimulaini ya 4K inateleza, na nikitoka ofisini kwenda nyumbani naichomeka kwenye mashine nyingine naendelea nilipoishia. Inapata joto ukiifanyisha kazi mfululizo ila sio la kutisha. Kwa kazi inayoendelea sijaona cha kuibadilisha nayo.

Ila sasa hapa ndipo watu wanapopigwa. Kasi ya kuhamisha inaamuliwa na kile kilicho polepole kuliko vyote. Umetoka ukumbini saa nane usiku unataka kumwaga video kutoka kwenye kadi ya kamera, kadi nyingi tunazotumia, zile za daraja la kasi la UHS-I, zinasoma kama MB 90 kwa sekunde, basi hata uchomeke T7, hata uchomeke kitu cha NASA, unapata tisini hizo hizo. GB 200 kwa tisini ni kama dakika 37. Hadidiski ya kuzunguka inaandika MB 120 mpaka 130 faili zikiwa kubwa, maana yake kwenye hiyo kazi zote mbili zinakaa zinaisubiri kadi, na wewe umelipa mara mbili kwa ajili ya kusubiri vile vile. Halafu kuna wanaochomeka SSD kwenye mlango wa USB 2.0, ule mweusi wa desktopu ya ofisi, pale unapata thelathini na kitu kwa sekunde, GB 200 zinakula zaidi ya saa moja na nusu, ndio hao wanarudi dukani na kelele kwamba wameuziwa feki.

Sababu ya pili ndiyo kubwa. SSD inashika data kama chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye viseli vidogo sana, na chaji ikikaa muda mrefu kifaa hakijachomekwa popote inavuja taratibu, joto nalo linaiharakisha. Kuna kiwango cha JEDEC, hao ndio wanaoweka viwango vya memori duniani, kinachotaka SSD za watumiaji wa kawaida ziweze kushika data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi joto 30, na hapo wanazungumzia SSD iliyokwisha kuandikwa mpaka kikomo chake. Mpya inashika zaidi ya hapo, usitishike ukaanza kuuza ya kwako. Lakini Dar ya Januari na Februari chumba kikifungwa mchana nyuzi 30 zinapitwa asubuhi tu, na mi sitaki harusi ya mtu itegemee chaji iliyolala kabatini.

Halafu SSD ikiamua kufa mara nyingi haikuagi. Leo inafanya kazi, kesho unachomeka haionekani kabisa kwenye kompyuta. Na jina kubwa halikulindi, mnakumbuka 2023 kelele za SanDisk Extreme na Extreme Pro, watu walikuwa wanalalamika inajitoa yenyewe na data haionekani tena, kampuni ikatoa fimwea, yaani programu ya ndani ya kifaa, ya kurekebisha na kesi zikafunguliwa Marekani. Sisemi SanDisk wabovu, kadi zao ndizo ninazoshutia mpaka leo, nasema tu kwamba kifaa kilichokuwa kwenye begi la kila mpiga picha kilileta shida na hakuna aliyeijua mapema. Na ukifuta kitu kwa bahati mbaya kwenye SSD jua mara nyingi ndio basi tena, kuna amri inaitwa TRIM inayosafisha kabisa nafasi iliyoachwa wazi. Kwenye hadidiski ukiwahi kuacha kuitumia, programu kama Recuva au PhotoRec inakurudishia vitu vingi tu.

Haya tuje kwa wazee. Duniani wamebaki watengenezaji watatu tu wa hadidiski, Seagate, Western Digital na Toshiba, kwa hiyo eksteno ya jina lingine lolote utakayoiona dukani, kama ni ya kuzunguka kweli basi ndani yake yumo mmoja wa hao. Zinazopatikana kirahisi kwetu ni WD Elements, Seagate Expansion na Toshiba Canvio. Zote plastiki nyeusi, zote zinatumia ile soketi pana ya Micro-B yenye sehemu mbili, zote kasi ni ile ile ukitoa tofauti za hapa na pale. Uzuri wa kutunzia ni kwamba data imeandikwa kwa sumaku kwenye sahani, haihitaji umeme kukaa pale. Na bei ya kila TB ni karibu nusu ya SSD au chini ya hapo, inategemea siku na duka.

Ubaya wake nausema bila kuficha. Kwanza haitaki kudondoka hasa ikiwa inazunguka, kile kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko vumbi, ukiigonga tu kimeparuza. Mi sheria yangu eksteno ikiwa imechomekwa haisogezwi, na laptopu haibebwi ikiwa inaning'inia waya. Pili, nyingi za hizi ndogo za inchi 2.5 kuanzia TB 1 na 2 zinatumia mtindo wa SMR, yaani mistari ya data imepandana kama mabati ya paa, ukitaka kubadilisha bati la chini lazima ufumue na la juu yake. Ndio maana, hasa ukiandika juu ya nafasi iliyowahi kutumika, unaona inaanza kwa kasi 130 ikifika GB kadhaa inashuka mpaka arobaini, thelathini, inapumua, inaendelea. Si ugonjwa, ndivyo ilivyo. Hao hao Western Digital 2020 walibanwa mpaka wakakiri wameweka SMR kwenye baadhi ya hadidiski za WD Red za kuwekea kwenye seva ndogo bila kuwaambia wanunuzi, na huko ilileta shida kweli. Kwa kutunzia haina neno, unakopi mara moja usiku unaiacha unalala, asubuhi imemaliza. Ukitaka kuediti humo ndio utalia.

Cha kunifurahisha na hadidiski ni kwamba mara nyingi inaumwa kabla ya kufa. Weka CrystalDiskInfo kwenye Windows, ya bure, chomeka eksteno, angalia mistari mitatu, 05, C5 na C6. Hiyo 05 ni sehemu zilizoharibika zikabadilishwa, C5 ni zinazosubiri hukumu, C6 ni zilizoshindikana. Zote zikiwa sifuri na rangi ya bluu, endelea na maisha. C5 ikianza kupanda hata kama folda zinafunguka vizuri, siku hiyo hiyo hamisha vitu. Moja ya kwangu, kampuni sitaitaja maana ingeweza kuwa yoyote, ilianza kwa C5 ya nane, wiki chache ikawa mia na kitu, na ukiweka sikio unaisikia inasita, tk, kimya, tk tk, halafu inaendelea. Nilishahamisha kila kitu kabla haijafika huko, sasa naitumia kupelekea muvi kwa shemeji.

Kama unadhani hadidiski zinakufa ovyo, kuna kampuni ya Marekani inaitwa Backblaze inatunza data za watu na tangu 2013 inatoa hadharani takwimu za hadidiski zake, 2022 zilikufa asilimia 1.37 kwa mwaka na 2023 asilimia 1.70. Hizo ni hadidiski kubwa zinazoishi kwenye vyumba vya baridi hazibebwi kwenye bodaboda, kwa hiyo za kwetu tuzidishe kidogo. Ila nia ya kuitaja ni kwamba hata huko kwenye baridi na umeme usiokatika bado kila mwaka zinakufa, ndio maana nasema mbili.

Sasa mbili zipi? Kati ya hizo tatu mi nachukua WD Elements au Seagate Expansion ya TB 2, na napenda ziwe za kampuni tofauti, ili kama toleo fulani lina shida isizibebe zote. Kuna tofauti moja ya ndani watu hawaijui. WD nyingi ndogo soketi ya USB imechomelewa moja kwa moja kwenye saketi ya hadidiski yenyewe, ikilegea au ikivunjika fundi lazima achomelee upya. Seagate nyingi ndani kuna hadidiski ya kawaida ya laptopu na kisaketi cha kuiunganisha, kisaketi kikifa unaichomoa unaiweka kwenye kava la elfu kumi na tano mambo yanaendelea. Na WD My Passport nyingi zinafunga data kwa msimbo hata kama hujaweka pasiwedi, saketi ikifa ukaichukua hadidiski kwa fundi unakuta takataka tupu. Kwa hiyo My Passport pamoja na urembo wake wa rangi mi siichukui, Elements nachukua.

Fundi nimemtaja, niseme na hili. Ukiona fundi anafungua hadidiski juu ya meza feni inapiga, mlango uko wazi na anakula chipsi, chukua mzigo wako uondoke. Ile kitu inafunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi kabisa. Kubadilisha saketi au waya sawa, kufungua sahani hapana.

Kuna wanaosema kwa nini nisinunue ile kubwa ya mezani ya inchi 3.5, TB 8 mara moja. Kwa Ulaya jibu zuri, kwa hapa kwetu swali ni umeme. Ile ya mezani inataka adapta yake ya volti 12 ukutani, umeme ukikatika katikati ya kukopi inazimika papo hapo na kichwa kiko kazini, na ukirudi kwa fujo ule wa kuwaka na kuzima ndio mbaya zaidi. Ndogo ya inchi 2.5 inakula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu, na laptopu ina betri, umeme ukatike usikatike kopi inaendelea hata haijui. Hiyo sababu peke yake inanitosha. Kama huna laptopu unatumia desktopu basi UPS kwanza halafu eksteno.

Kwa kuwa inakula umeme wa USB, waya ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. USB 2.0 inatoa miliampu 500, USB 3.0 inatoa 900, na ukipitishia kwenye habu ya elfu nane yenye milango saba hadidiski haipati hata nusu ya inachotaka, inaanza kulia tk tk haionekani. Watu wameshatupa eksteno nzima kwa sababu ya hilo! Kabla hujasema imekufa badilisha waya, weka mfupi, chomeka moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa desktopu, jaribu na mashine nyingine.

Sasa mambo ya feki, hapa nitakaa kidogo. Alikuja kaka wa bibi harusi mmoja na SSD ya TB 16, kaagiza mtandaoni, elfu arobaini na tano, anajisifu kwamba sisi wa mjini tunapigwa. Kompyuta kweli ikasoma TB 16. Nikamkopia, ikaenda mpaka mwisho, folda zote zinaonekana na majina yote yapo, video ya kwanza inacheza vizuri, unafika ya kumi haifunguki, ya kumi na moja haifunguki, zilizobaki zote hewa. Nikaiendesha na H2testw, programu ya bure ya watu wa jarida la c't la Ujerumani, inajaza kifaa data halafu inaisoma kuona kama ni ile ile, nikaiambia iandike GB 200 tu maana TB 16 tungekesha mpaka mwezi uishe. Jibu likaja kwamba zilizokaa ni GB 59, nyingine zote zimeandikwa juu ya mwenzake. Akasema ifungue tuone. Bisibisi ndogo, kava likaachia, ndani kuna kipande cha saketi ya kijani saizi ya kidole gumba, juu yake memori kadi ya simu imebandikwa kwa gundi ya moto, na pembeni kibamba cha chuma cha kuongeza uzito ili ukishika mkononi uone ni kitu. Kijana aliishiwa maneno. Saketi imechezewa inaidanganya kompyuta kuhusu ukubwa, basi. Kwa kulinganisha, Samsung walipotoa T5 EVO ya TB 8 mwaka 2023 bei yake ilikuwa karibu dola 650, kwa hiyo mtu akikuuzia TB 16 kwa elfu arobaini na tano jua kuna mmoja hapo anachekwa na sio muuzaji. Kama H2testw unaiona ndefu kuna ValiDrive, ya bure pia, inapima sehemu mbalimbali za kifaa kwa dakika chache tu, na wa Mac na Linux wana F3.

Kwa Kariakoo, kuanzia mtaa wa Aggrey mpaka Msimbazi, utakuta mzigo mzuri na kimeo kwenye kaunta moja. Mi naomba iliyo na boksi ambalo seal yake haijafunguliwa, nachukua serial namba iliyo mgongoni mwa eksteno nalinganisha na ya kwenye boksi, halafu naiingiza kwenye tovuti ya kampuni sehemu ya warantii pale pale dukani kwa simu. Muuzaji mwenye mzigo halali anakuacha ufanye, mwenye shida anaanza kukuharakisha bosi foleni. Kisha naomba nichomeke kwenye laptopu nione saa za kuwaka kwenye CrystalDiskInfo, mpya inatakiwa iwe sifuri au karibu na sifuri, ikisoma saa elfu tisa hiyo imetolewa kwenye laptopu ya mtumba ikavishwa kava jipya. Ingawa hata hizo saa zinarudishwa nyuma, mwanzoni mwa 2025 Ujerumani iligundulika hadidiski za Seagate zilizotumika zinauzwa kama mpya, saa zimefutwa, zikagundulika kwa kumbukumbu nyingine ya ndani inayoitwa FARM. Wajerumani wakipigwa sembuse sisi, kwa hiyo risiti dai, na iandikwe serial namba.

Na tafadhali usirudi dukani kugombana kwamba TB 1 yako inasoma GB 931. Kampuni inahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, ni ukubwa ule ule. Ya TB 2 itasoma TB 1.81, usiite polisi.

Kufomati haraka haraka, yaani kuchagua mfumo wa kupanga mafaili ndani ya eksteno. Ukiwa Windows tu weka NTFS. Ukiwa na Mac na Windows weka exFAT, maana Mac inaisoma NTFS lakini haiandiki humo bila programu ya ziada. FAT32 achana nayo kwa video kwa sababu faili moja haliwezi kuzidi GB 4, isipokuwa flashi ya mteja mwenye TV ya zamani, hapo unakata video vipande. Ila exFAT haina daftari la kumbukumbu la kujirekebisha, ukiichomoa ghafla inaweza kuvurugika, kwa hiyo bonyeza kuitoa salama, subiri, ndio uchomoe. Ndio najua una haraka.

Jinsi ninavyozitumia ni hivi, kazi ikiwa hai inakaa T7 na nakala kwenye eksteno A. Mteja akishalipa na kupokea, inafutwa T7, inabaki eksteno A na eksteno B. A inakaa ofisini, B inakaa kwa dada Mbagala, nampelekea mara moja kwa mwezi na nikifika naambiwa nakuja kwa sababu ya eksteno tu. Mwizi akiingia ofisini hachukui kamera akaacha hadidiski, anakomba vyote, na moto ndio hauchagui kabisa. Wazungu wanaita 3-2-1, aliyeieneza ni mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, nakala 3, vifaa vya aina 2, 1 iwe mbali. Mi sifikishi zote tatu kwa kila kazi, bajeti hairuhusu, lakini hiyo ya mbali siiachi.

Eksteno ya kutunzia isikae imechomekwa. Mei 2017 WannaCry ilipofunga kompyuta za watu dunia nzima, bakapu iliyokuwa imechomekwa nayo ilifungwa. Na kwetu kuna virusi vya shotikati, ukipeleka flashi steshenari kuprinti cheti inarudi folda zote zimekuwa shotikati, sasa eksteno yenye harusi za watu ikapite steshenari ya nini? Tumia flashi ya buku nane.

Ya mtandaoni je? Google wanakupa GB 15 bure, naweka humo mikataba, vyeti, hati ya kiwanja na picha chache za familia. Video za GB 200 kwa bando letu hapana, na Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tulikaa siku kadhaa intaneti inakokota, mteja anataka video yake wewe unamwonyesha duara linazunguka.

T7 ina kitu kimoja ninachokionea wivu kwa niaba ya hadidiski, pasiwedi ya ndani kabisa inayofunga data kwa msimbo wa AES biti 256. Ikidondoka kwenye daladala aliyeiokota hafungui kitu. Ila ukiisahau hakuna wa kukusaidia, unairudisha kama ilivyotoka kiwandani na vyote vinafutika. Kwenye hadidiski natumia BitLocker, programu ya kufunga diski kwa pasiwedi, ipo kwenye Windows Pro. Picha za wateja si za kuchezea, tangu Mei 2023 ile sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inafanya kazi Tanzania, na Kenya wao wana yao tangu 2019.

Kwa hiyo mwenye laki mbili na nusu, chukua hadidiski mbili za TB 1, hata kama moja itabidi usubiri mwisho wa mwezi. Mwenye laki tano na kitu, mbili za TB 2 kwanza, chenji ikitosha ndio SSD ya GB 500 ya kuediti. Za TB 4 na 5 ni nene na nzito kidogo, zinafaa ukiwa na kazi nyingi, ila kumbuka ikidondoka moja umedondosha miaka mitatu ya kazi kwa mpigo. Na ukiwa bado dukani chukua waya mwingine wa Micro-B mfupi wa akiba, ile soketi pana waya zake hazipatikani kwenye kila kibanda cha chaja, na utauhitaji Jumapili usiku maduka yamefungwa.